Mtunza Daftari na Elimu ya Takwimu

Daftari la vifo ni kitu kimya. Jina, umri, mtaa na maradhi huandikwa humo mstari kwa mstari, na aghalabu karani hudhani kwamba kazi yake imekwisha wino unapokauka. Hata hivyo, historia ya kipindupindu mjini London inadhihirisha kwamba daftari lililotunzwa vema huweza kuokoa maisha, ilmradi wawepo wanaojua kuliuliza maswali na wananchi walio tayari kuyajibu.

Usajili wa vizazi na vifo wa serikali ulianza katika Uingereza na Wales mwaka 1837. Miaka miwili baadaye tabibu William Farr aliajiriwa katika ofisi kuu ya usajili. Farr hakuridhika na kupanga majina tu. Alilinganisha mtaa na mtaa, kazi na kazi, mwaka na mwaka. Lakini kama wataalamu wengi wa zama zake, aliamini kuwa kipindupindu huenezwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishikilia kuwa huenezwa na maji.

Mwishoni mwa Agosti 1854 ugonjwa ulizuka kwa ghafla katika mtaa wa Broad Street. Snow aliomba kutoka ofisi ya usajili orodha ya watu 83 waliokufa. Kati yao 73 walikuwa wakiishi karibu na pampu ya mtaa huo. Snow alipita nyumba kwa nyumba akiwahoji wafiwa, akabaini kwamba 61 kati ya hao walikuwa wakinywa maji ya pampu hiyo. Mnamo tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa, ingawa wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua.

Kusini mwa mji, kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile. Moja ilichota mahali ambapo mto Thames ulipokea uchafu wa mji. Nyingine ilikuwa imehamishia machoteo yake juu ya mto mwaka 1852. Farr aliwaagiza wasajili waandike maji ya kila nyumba iliyofiwa yalitoka wapi. Katika majuma saba ya kwanza, nyumba 40,046 za kampuni ya kwanza zilipata vifo 1,263, na nyumba 26,107 za kampuni ya pili vifo 98. Hesabu ya vifo peke yake haitoshi, kwani idadi za nyumba si sawa. Zikigawanywa, hupatikana vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande wa pili. Lau hatari ingalikuwa sawa, kampuni ya kwanza ingalipata vifo 150 hivi.

Mtu aliyeikamilisha kazi ya Broad Street hakuwa tabibu. Kasisi Henry Whitehead, aliyewafahamu wakazi wake kwa majina, aliyapinga maelezo ya Snow, akaanza uchunguzi ili ayakanushe. Aliwahoji hata waliopona na wale ambao hawakuugua kabisa. Kati ya watu 137 waliokunywa maji ya pampu, 80 waliugua. Kati ya 297 wasiokunywa, waliugua 20 tu. Takwimu zikamlazimu kubadili mawazo. Aliporudia daftari la vifo, aliona habari za mtoto mchanga wa nyumba namba 40, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo lililokuwa karibu sana na kisima.

Snow alifariki mwaka 1858. Ugonjwa uliporudi mashariki mwa London mwaka 1866, Farr mwenyewe alitumia takwimu kuthibitisha kuwa maji ndiyo yaliyouleta.

Leo daftari limekuwa hifadhidata ndani ya kompyuta, nayo hutoa majibu kwa nukta chache. Lakini mashine haijui ni nani aliyesahauliwa kuandikwa. Hapana budi mtunzaji wake ajifunze takwimu, tena atoke ofisini akawasikilize wale walioandikwa humo. Wanafunzi waweza kuanza na daftari la mahudhurio la shule yao: wahesabu wasiohudhuria kwa kila kijiji, wagawanye kwa idadi ya wanafunzi watokao huko, kisha waende kuuliza sababu.