Mifupa miwili juu ya kipande cha boksi

Kwenye karakana moja ya makochi pale Keko, jijini Dar es Salaam, nyuma ya fremu za mbao zinazosubiri sponji, vipande vya boksi vimetungikwa kwenye msumari. Kila kipande kina vishimo viwili vilivyozungushiwa wino, na kati ya vishimo hivyo umepigwa mstari wenye namba: 11, 12 na nusu, 13. Nilikuwa nimefika kuulizia bei za mbao. Vipande vile vikanivuta macho, nikauliza ni vya nini.

"Hiyo ni mifupa ya watu," mzee mwenye karakana akajibu, mikono yake ikiendelea kuvuta kitambaa cha kochi.

Watu wenyewe ni waendesha pikipiki kubwa, zile za injini ya zaidi ya cc 1,000, zilizoundwa kwa ajili ya kushinda kwenye lami tangu asubuhi hadi jioni. Wanakuja Keko, mtaa ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaujua kwa vitanda na kabati, kumwomba mzee huyu awachongee kiti upya. Mzee hajawahi kuendesha pikipiki maishani mwake. Hilo ndilo lililoninasa. Bei za mbao nikaziacha, nikarudi tena kumtazama akifanya kazi.

Anaanza na kigoda cha mbao ngumu. Juu yake anaweka kipande cha boksi, lile la mistarimistari lenye uwazi katikati. Mteja anakaa. Mzee anampa ufagio aushike kwa mikono miwili mbele yake kama usukani, anamsukuma mgongo kidogo ainame, kisha anaweka matofali chini ya miguu ili magoti yapande. Mteja anatulia hivyo kwa muda. Akinyanyuka, boksi limebonyea sehemu mbili.

"Mtu anadhani anakalia nyama," mzee anasema. "Nyama inasogea pembeni. Anayebeba mzigo ni mifupa hii miwili ya chini ya nyonga. Kiti kisipojua mifupa iko wapi, kitaumiza tu, hata ukiweka sponji ya bei gani."

Lazima mtu apimwe akiwa ameinama. Ukikaa wima kama kwenye kiti cha ofisi, mifupa inakandamiza sehemu moja. Ukiinamia usukani, nyonga inabinuka na uzito unasogea mbele. Hata umbali kati ya mifupa hiyo haulingani kwa watu wote, na kwa kawaida wanawake wamejaliwa nafasi pana zaidi kuliko wanaume. Kiwanda hakiwezi kumpima kila mnunuzi. Kinatengeneza kiti kwa ajili ya mwili wa wastani, na mwili huo wa wastani hakuna mtu aliyezaliwa nao.

Siku hiyo aliyekuwa juu ya kigoda ni dada mmoja mpimaji wa ardhi. Urefu wake ni sentimita 160. Nje, kivulini, ilisimama Yamaha FJR1300 yake, na vijana wa karakana za jirani walikuwa wakipokezana kuizunguka.

Wapenzi wa pikipiki wanaijua familia hii ya pikipiki za safari ndefu. Mwaka 1976 BMW ilitoa R100RS, yenye bodi ya mbele iliyochongwa kwa vipimo vya handaki la upepo, ikaonyesha kwamba pikipiki inaweza kukimbia na bado ikamkinga mwendeshaji safari nzima. Yamaha ilileta FJ1100 mwaka 1984, na mwaka 2001 ikaingiza FJR1300 katika soko la Ulaya: silinda nne, cc 1,298, shafti badala ya mnyororo, kioo cha mbele kinachopanda na kushuka kwa swichi, tangi la lita 25. Ikishajazwa mafuta ina uzito wa karibu kilo 290.

Shida inaanzia kwenye tangi hilo. Ukilijaza Dar es Salaam, unaweza kuivuka Hifadhi ya Mikumi bila kutafuta kituo cha mafuta. Mwili hauna akiba ya namna hiyo. Dada huyu kwao ni Mafinga, mbele ya Iringa, na anasema alikuwa akisimama Chalinze, akisimama tena Morogoro, akisimama tena Doma, mafuta yakiwa bado tele, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Shida ya pili ni ardhi. FJR za kuanzia 2006 zina kiti kinachoweza kuwekwa kwenye urefu wa milimita 805 au 825. Hata kikiwa kwenye 805, yeye aligusa chini kwa ncha za vidole tu. Siku moja, kwenye kituo cha mafuta chenye sakafu inayoteremka, alishusha mguu akakuta hakuna kitu. Pikipiki ilimlalia ikiwa imesimama kabisa, na ikahitaji wanaume watatu kuinyanyua.

"Ikiwa mwendoni hainisumbui hata kidogo," anasema. "Kitonga napanda kona zote na nafurahi. Kazi iko kwenye foleni, kwenye tuta, au trafiki akinisimamisha mahali pabaya. Uzito wake wote unakuja wakati huo."

Alipofika Keko mara ya kwanza aliomba sponji laini. Mzee alikataa, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nielewe kwa nini fundi makochi ndiye mtu sahihi kwa kazi hii.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi laini ninayo ya kumwaga. Lakini kochi linataka mtu azame, maana kwenye kochi mtu anageuka, anakunja mguu, anajilaza. Wewe hugeuki. Umeshika usukani, miguu iko palepale saa mbili. Ukizama, mifupa itafika kwenye plastiki ya chini, na ikishafika huko ndiyo basi. Laini inafurahisha dakika kumi. Baada ya hapo unakalia plastiki."

Kwa hiyo chini anaweka sponji nzito ya chengachenga zilizogandamizwa, na juu yake tabaka jembamba la sponji ya wastani. Ile ngumu inabeba mzigo na kuusambaza, ile ya juu inapokea ngozi. Kabla ya hapo anang'oa pini za kava moja moja kwa bisibisi, anavua kava, anabaki na kipande cha sponji ya kiwandani kilichokaa juu ya sahani ya plastiki. Anahamishia vishimo vya boksi juu ya sponji kwa kalamu. Anakata kwa kisu kirefu chembamba, anachokinoa kila baada ya mikato michache, kwa sababu kisu butu hurarua sponji na kuiacha na matuta. Kisha anashika grainda yenye msasa na kuisugua polepole, vumbi la njano likimjaa kwenye nyusi, akisimama kila mara kupitisha kiganja huku amefumba macho.

"Macho yanadanganya hapa," anasema. "Bonde la milimita tatu hulioni. Lakini yeye atalisikia akiwa Mikese."

Kuna mambo mawili aliyoyafanya ambayo nisingeyafikiria. La kwanza ni mteremko. Kiti cha dada huyu kilielekea mbele kidogo, na kila alipofunga breki alisogea hadi kwenye tangi, kisha viganja vikabeba kifua chote. Mzee alijaza mbele na kupunguza nyuma mpaka sehemu ya kukalia ikawa sawa. Maumivu ya viganja, ambayo dada alikuwa akiyatibu kwa glavu za kila aina, yalitokana na kiti.

La pili ni upana. Mimi nilidhani kumfikisha mtu ardhini ni kushusha kiti tu. Mzee akachukua futi ya kitambaa, akaipitisha kutoka kwenye nyonga ya dada hadi sakafuni.

"Tazama, mwandishi. Mguu haushuki moja kwa moja. Unazunguka kwanza kiti, ndipo ushuke. Nikipunguza pembe hizi za mbele, mguu unapata njia fupi. Sijashusha kitu, na yeye ameongezeka urefu."

Alipunguza upana wa kidole kila upande, na sentimita mbili tu kwenda chini. Dada alipopanda, nusu ya kila unyayo ililala sakafuni. Hakusema kitu. Aliinua pikipiki kutoka kwenye stendi, akaiyumbisha kushoto na kulia, akaiyumbisha tena.

Juu ya sponji mzee hutandika nailoni nyembamba, kwa kuwa mshono wowote unapitisha maji ya mvua, na sponji ikilowa haikauki leo wala kesho. Mishono yenyewe anaipeleka pembeni, mbali na mifupa. Kava halivuti likakaza. Likikazwa sana linageuka kitanda cha kamba: linaning'inia juu ya bonde alilolichonga kwa saa nyingi, na kazi yote imepotea.

Ila kila alichompa kimemgharimu dada kitu kingine. Kiti kimeshuka, sehemu za kukanyagia zimebaki palepale, basi magoti yamekunjika zaidi. Usukani nao sasa unaonekana uko juu na mbali kuliko mwanzo. Kiti, usukani na vikanyagio ni kamba tatu zilizofungwa pamoja. Ukivuta moja, mbili zinakufuata.

"Nimekupa ardhi, nimekunyang'anya goti," mzee alimwambia wazi.

Dada anataka kuusogeza usukani nyuma kidogo, na kwa hilo vinahitajika vipande vya aluminiamu vya kuwekwa chini yake. Mita chache kutoka hapo kuna vijana wenye mashine ya kukereza wanaoweza kuvitoa kabla ya jua kuzama. Dada alikataa. Ameagiza nje vilivyotengenezwa kwa ajili ya modeli yake, na vikifika atageuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, akiangalia kama mpira wa breki au waya wowote unavutwa.

Nilidhani mzee angeona amedharauliwa mtaa wake. Badala yake alimuunga mkono.

"Kiti changu kikiharibika, mtu anaumwa mgongo. Kile kikikatika, mtu anazikwa. Wale vijana wanajua kukereza, sina shaka. Lakini ile aluminiamu imetoka wapi? Ilikuwa sufuria? Ilikuwa injini? Yeye hajui, mimi sijui."

Hapo ndipo furaha yangu ilipoingiwa na wasiwasi. Si kila mwenye pikipiki ana uwezo wa kuagiza nje na kusubiri. Wengi wataenda kwa kijana wa kukereza, na atawahudumia kwa nia njema. Nani atakikagua kipande kile kabla hakijabeba maisha ya mtu kwa kilomita 100 kwa saa? Na mstari huu mzuri, kati ya kinachoweza kuchongwa mtaani na kisichoweza, kwa nini uko kichwani mwa fundi makochi mmoja tu?

Jambo jingine ni kwamba sponji iliyokatwa hairudi. Wateja wenye akili, mzee anasema, hutafuta kiti cha pili kilichotumika na kuchonga hicho, kile cha kiwandani wakakihifadhi kwa siku ya kuuza. Kwa FJR hapa Dar es Salaam, kiti cha pili hakipatikani kirahisi. Dada amekata cha kwake cha asili. Pikipiki hiyo sasa ina umbo la mtu mmoja, na atakayeinunua kesho atakuwa amekalia mifupa ya mwingine.

Nilimuuliza mzee kama kijana anayemsaidia anajifunza kazi hii. Anajifunza makochi. Viti vya pikipiki vinachukua muda mrefu na malipo yake hayafikii seti moja ya sebuleni, na kijana ana familia. Mzee hamlaumu. "Mimi nafanya kwa sababu hawa wanarudi," anasema. "Kochi likitoka hapa silioni tena. Hawa wanakuja kuniambia wamefika Mbeya, wamefika Tunduma, na wapi paliwauma. Ndivyo ninavyojifunza."

Ndiyo sababu halifungi kava moja kwa moja. Analibana kwa pini chache, anamtuma mteja barabarani, kisha anamsikiliza. Dada alikwenda Morogoro na kurudi. Ganzi haikumpata. Viganja vimetulia. Goti la kushoto, lile la upande wa gia, lilianza kumchoma alipofika Chalinze wakati wa kurudi.

Mzee anataka kurudisha sentimita moja ya sponji. Dada hataki.

"Goti nitasimama nilinyooshe," alimwambia. "Lakini mzee wangu, pikipiki ikilala siwezi kuinyanyua peke yangu. Na mara nyingi nasafiri peke yangu."

"Pikipiki utaiuza, mwanangu. Goti hutaliuza."

Walibishana hivyo kwa heshima, kila mmoja akiwa na haki, na mimi nikiwa katikati nikishindwa kuchagua upande. Mwisho walikubaliana kava libaki na pini zake chache, dada aende kwanza hadi Mafinga, na akirudi ndipo waamue.