Babu yako alizaliwa wapi?

Kijana wa Kinubi wa Makina, Kibra, akitimiza miaka 18 hutaka kile kile anachotaka kijana wa Kiambu au wa Siaya: kitambulisho. Bila kadi hiyo hasajili laini ya simu, hafungui akaunti benki na haajiriwi kazi ya maana. Wenzake hupeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, wakapigwa picha, wakaacha alama za vidole, wakarudi nyumbani kungoja. Yeye, kwa miaka mingi, alipelekwa kwanza mbele ya jopo la wazee na maofisa apigwe msasa. Babu yako alizaliwa wapi? Alifika hapa lini? Karatasi zake ziko wapi?

Karatasi za babu! Nenda kijiji chochote cha Kenya uulize cheti cha kuzaliwa cha mzee aliyezaliwa zama za mkoloni, uone utaonyeshwa nini. Lakini mzee wa Kikuyu au wa Kiluo haombwi. Jina lake linatosha.

Chuki hii mtoto wa Kinubi haanzi kuionja akiwa na miaka 18. Huanza uwanjani shuleni, siku mwenzake anapomwambia arudi kwao Sudan. Sudan yenyewe hajaiona hata kwenye picha. Kwao ni Makina, na duka la mandazi, na mpira wa makaratasi. Akifika nyumbani analia, na kwa kawaida anayemkuta mlangoni ni nyanya.

Nyanya wa Kinubi hana haja ya kumbembeleza sana. Anamtajia majina. Babu wa babu yako alikuwa askari, mtoto wake ni fulani, huyo akamzaa fulani, naye ndiye aliyemzaa baba yako. Na historia iko upande wake. Mababu hao walikuwa wanajeshi kutoka Sudan. Kundi kubwa lilikuwa limetumika chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, kisha Lugard, ofisa wa Kiingereza, akalichukua mwaka 1891 na kulileta Uganda. Kutoka hapo wengi waliingia King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902, ambalo wazee wetu hulijua kwa jina la KAR. Waingereza waliwapa makazi msituni, nje ya mji mchanga wa Nairobi, palipo Kibra ya leo, kwenye eneo lililopimwa ekari 4,197. Walipigana vita viwili vya dunia chini ya bendera isiyo yao. Askari wa KAR walifika hadi Burma. Ziko familia Kibra ambazo bado zina medali ndani ya mkebe, pamoja na karatasi ya kuachishwa jeshi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka.

Mtoto akiishika medali ile mkononi, kejeli ya uwanjani haiondoki, ila anakuwa na la kujibu.

Masomo haya hayana ratiba. Mengi hutolewa pembeni mwa kazi nyingine, mfano wakati wa kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vyenye rangi kali ambavyo wanawake wa Kinubi huvitundika ukutani vikiwa havina sahani ya kufunika. Kazi huanza katikati, kwenye kifundo kidogo kama ukucha, halafu duru juu ya duru, nyekundu, kijani, zambarau, mkono ukivuta na kukaza. Mtoto hupewa kazi ya kutenga rangi. Huku akitenga anasikia nani alimwoa nani, harusi ya nani ilipigwa ngoma ya doluka mpaka alfajiri, shangazi yupi alikuwa bingwa wa kujifunga vazi la gurbaba. Anasikia Kinubi, Kiswahili na Kiingereza vikipishana katika sentensi moja. Hakuna anayemwambia kwamba anafundishwa.

Wanasaikolojia wa Marekani walikuja kulipima jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2001 Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliandaa maswali 20 kwa watoto: Unajua babu na bibi zako walikulia wapi? Unajua wazazi wako walikutana vipi? Unajua jambo zito lililowahi kuipata familia yenu? Watoto waliojua mengi walionekana kujiamini zaidi na kuhisi kwamba maisha yao hayaendeshwi na watu wengine tu. Watafiti hao walitahadharisha kwamba si majibu yenyewe yanayomjenga mtoto. Kumkaririsha majina ya ukoo hakutamsaidia. Kinachomjenga ni zile saa za kukaa na mkubwa anayesimulia.

Sasa yaweke maswali ya Atlanta kando ya maswali ya jopo. Yanafanana mno. Mtoto wa Kimarekani huulizwa babu yake alikulia wapi ili ijulikane ana nguvu kiasi gani. Kijana wa Kibra aliulizwa babu yake alizaliwa wapi ili ijulikane kama afukuzwe mlangoni. Binafsi naona hapo ndipo uchungu wa msasa ulipo, kuliko hata nauli na siku zilizopotea. Serikali ililichukua lile ambalo nyanya alimpa mjukuu kama ngao, ikaligeuza mtihani.

Kesi ya watoto hao iliwahi kusikilizwa. Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua shauri lililoletwa kwa niaba ya watoto wa Kinubi wa Kenya, na huo ukawa uamuzi wake wa kwanza kabisa. Kamati iliona Kenya imekiuka haki yao ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa na haki ya kutobaguliwa, na kwamba madhara yake yamefika hadi kwenye elimu na afya yao. Mambo mengine yalisogea polepole. Sensa ya 2009 ilikuwa imewahesabu kwa jina lao. Mwaka 2017 jamii ilikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288, kipande cha zile 4,197. Ulipokuja mpango wa usajili wa kidijitali wa Huduma Namba, shirika la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu, likihofia kwamba wasio na hati wangeachwa nje kabisa, na hukumu ya Januari 2020 ikaamuru sheria iwekwe sawa kwanza. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kufuta msasa wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani walikuwa wameulalamikia kwa miongo.

Wanaoandika kuhusu urithi kama dawa ya ubaguzi (nami nimo) hupenda kumaliza na nyanya na hadithi zake. Lakini si kila mtoto ana nyanya. Yuko aliyezaliwa na mama aliyekufa mapema, akalelewa na jirani wa kabila jingine. Yuko ambaye mkebe wa babu yake uliteketea siku moto ulipopita kwenye vibanda vya mabati. Huyu hawezi kutaja vizazi vinne, na uwanjani hana la kujibu. Mbele ya jopo alikuwa na hali mbaya kuliko wote: alirudishwa nyumbani akamtafute mzee wa kumshuhudia, aende kwa wakili akaape, alipe kiapo hicho kwa fedha zake mwenyewe, kisha apange foleni upya.