Nyimbo za Mukanda na Wenye Kuzirekodi

Huku Dilolo, magharibi kabisa mwa mkoa wa Lualaba nchini Kongo, Mchokwe au Mluena hafundwi kwa maneno matupu. Wavulana wakipelekwa mukanda, kambi ya tohara inayojengwa nje ya kijiji, mafunzo yote hupitia katika nyimbo: namna ya kumheshimu mjomba, siri za wanaume, uvumilivu wa maumivu. Mama hakanyagi humo. Usiku husikia sauti za wanawe kwa mbali, na hilo linamtosha mpaka siku watakapotoka.

Kisha wanakuja makishi, mizimu ya wahenga iliyovaa sura ya kuchongwa au kufumwa. Chihongo ana ndevu pana na majivuno ya kichifu. Pwo ni mwanamke, lakini anayemcheza ni mwanamume aliyejifunza kwa makini mwendo na madaha ya mama zake. Naiona kuwa heshima kubwa: mwanamume hakamiliki bila kumcheza mwanamke vizuri mbele ya wanawake wenyewe, nao ndio wanaoamua kama ameweza.

Mwaka 2005 UNESCO iliyatangaza makishi ya upande wa Zambia kuwa urithi wa binadamu wote. Ngoma ni ile ile. Mipaka ndiyo iliyowagawa Wachokwe na ndugu zao kati ya Angola, Kongo na Zambia.

Waliorekodi muziki wetu walikuja mapema. Ng'ambo ya mpaka, mjini Dundo, Angola, Diamang, kampuni ya almasi, ilikusanya muziki wa Wachokwe katika miaka ya 1950. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, kijana wa Bunkeya aitwaye Mwenda Jean Bosco, na gitaa lake likasikika Afrika nzima. Tunashukuru santuri hizo zipo. Lakini ajenda ilikuwa ya mwenye mashine. Baadaye Rais Mobutu naye, kwa jina la uhalisi (authenticité), alizichukua ngoma za vijijini akazigeuza kuwa sifa za chama chake. Mzee aliyezoea kumkemea chifu kwa wimbo akalazimika kumpigia Mobutu makofi.

Kwa hiyo nalitazama kwa wivu jarida la Il Nuovo Canzoniere Italiano, lililoanzishwa Milano mwaka 1962 na Gianni Bosio, Roberto Leydi na wenzao. Walitafuta nyimbo za wakulima na vibarua, wakataka zisikike kama historia ya tabaka lao, wala si pambo la sherehe. Giovanna Daffini, aliyewahi kupalilia mpunga mashambani, aliimba mwenyewe jukwaani. Mwaka 1964, katika tamasha la Spoleto, wimbo wa kulaani vita uliwaudhi mabwana ukumbini hadi kesi ikafunguliwa.

Dilolo inastahili kazi ya namna hiyo, na wakati ni huu. Reli ya Benguela, iliyounganishwa na Katanga kupitia hapa mwaka 1931, sasa inafufuliwa kwa jina la Korido ya Lobito ili shaba na kobalti zifike baharini. Wanaume wetu wengi waliondoka kwenda migodi ya Kolwezi, wake zao wakabaki wakilima muhogo na kutunga nyimbo juu ya hayo. Vijana wa hapa wawarekodi mama hao: jina la mwimbaji, kijiji chake, anayeimbwa ni nani na kwa nini. Mwenye wimbo ndiye aseme upi utangazwe na upi ubaki mukanda.