Silinda Iliyolazwa Juu ya Geita

Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani ya dunia ya Mercator, na malalamiko yenyewe ni ya haki kabisa. Ramani hiyo huichora Greenland karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuipita takriban mara 14. Ukutani mwa darasa ramani ya namna hiyo haifai. Lakini anayeihukumu na hesabu iliyoizaa anakosea, kwa maana hesabu hiyohiyo, silinda ya kufikirika inayochorewa ramani ikilazwa ubavu, ndiyo inayosaidia kupima mipaka ya leseni za wachimbaji wadogo kuanzia Geita hadi Shinyanga.

Mstari wa latitudo hufupika kadiri unavyoiacha Ikweta. Kwenye nyuzi 60 unabaki nusu tu ya urefu wa Ikweta. Silinda inayoizunguka dunia huilazimisha mistari hiyo yote ilingane, kwa hiyo kwenye nyuzi 60 kila nchi imevutwa mara 2 kuelekea mashariki na magharibi. Mwaka 1569 Gerardus Mercator aliamua kwamba nchi iliyovutwa kwa upana ivutwe kiasi kilekile kuelekea kaskazini na kusini, ili pembe zibaki zilivyo na baharia asipoteze mwelekeo. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kujua kila mstari ukae wapi, kwani ni lazima kujumlisha mivuto midogomidogo kuanzia Ikweta. Edward Wright aliijumlisha kwa mkono, akachapisha jedwali mwaka 1599. Mwaka 1668 James Gregory akathibitisha kuwa jumla hiyo ni logarithmu ya tanjenti. Pembe zimepona, ila eneo la nyuzi 60 limekuzwa mara 4.

Johann Heinrich Lambert aliilaza silinda mwaka 1772, ikafuata longitudo badala ya Ikweta. Katika mfumo wa UTM unaotumika Tanzania, uliojengwa juu ya silinda hiyo iliyolazwa, ukanda wa 36 una longitudo ya kati ya nyuzi 33 mashariki, inayopita kati ya Kahama na mji wa Shinyanga. Geita iko kama kilomita 85 magharibi yake. Kwa kuwa mfumo huo huibana ramani kidogo karibu na longitudo ya kati, hapo kilomita 1 hupungua kwa sentimita 31 hivi kwenye ramani, na leseni ya hekta 10 hupungua kwa mita za mraba 62. Mwinuko wa nchi huongeza upungufu huo, nao pia unakokotoleka. Mpima ardhi huzidisha mara moja, kipimo kikarudi sawa.

Mtu atauliza: ikiwa leseni hutolewa kwa hekta, kwa nini tusitumie ramani inayotunza eneo? Ramani hiyo hulipia hekta kwa pembe: huvuta upande mmoja na kubana mwingine, hivyo sahihisho hubadilika kwa kila mwelekeo. Ndani ya wilaya moja tofauti hiyo ni ndogo, nakubali. Hata hivyo mpima hufanya kazi kwa pembe, naye hunufaika akiwa na namba moja ya kusahihishia mahali pamoja, iwe anapima kuelekea kaskazini au anafuata mshipa wa dhahabu unaokata leseni mshazari.

Wengine husema simu yenye GPS imeyamaliza yote haya. Hapo ndipo penye hatari. Karatasi za zamani za ramani za 1:50,000 zimejengwa juu ya datumu (msingi wa kuhesabia mahali) ya Arc 1960, na simu hutumia WGS 84. Namba za mahali pamoja hupishana karibu mita 300 kaskazini-kusini. Mraba wa hekta 10 una upande wa mita 316. Anayenakili namba za karatasi ya zamani na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza anaweza kuhamisha leseni karibu yote hadi kwa jirani, na silinda haihusiki hata kidogo. Upungufu wa sentimita 31 hauna madhara kwa sababu unajulikana, lakini hizi mita 300 hazionekani popote katika namba zenyewe. Kwa hiyo mchimbaji anayekabidhiwa namba za bikoni zake aulize ziko kwenye datumu gani kabla shimo la kwanza halijachimbwa, na hati isiyotaja datumu irudishwe kwa aliyeiandika.