Je, mwanao ni mkaidi au ametwikwa mengi?

Umemtuma mwanao dukani alete unga, chumvi na kiberiti, kisha apitie kwa jirani kuchukua sufuria. Amerudi na chumvi pekee. Kabla hujatafuta mwiko wa kumchapa, mzazi, hebu tulia kidogo.

Huenda mtoto huyo hana ukaidi wowote. Akilini mwa binadamu mna mahali pa kushikilia mambo kwa muda mfupi huku akiyafanyia kazi. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza walipaeleza mwaka wa 1974. Hata mtu mzima hushikilia mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Mtoto mdogo hushikilia machache zaidi. Kikapu kikishajaa, yanayoongezwa humwagika, na hayarudi hata ukimfokea.

Sasa mfuate darasani. Mwalimu asema: "Fungueni ukurasa wa 34, fanyeni hesabu ya tano hadi ya kumi, msinakili swali, kisha leteni madaftari." Mwanao amefungua kitabu, akamchungulia mwenzake, halafu macho yakaenda dirishani. Kwenye ripoti ataandikiwa kwamba hazingatii masomo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 uliwapima zaidi ya watoto 3,000 nchini Uingereza. Takriban mmoja katika kila kumi alikuwa na udhaifu huu, na wengi wao walimu waliwaona kuwa watoto wasiozingatia.

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Nyumbani ni hadithi nyingine. Nami nakiri niliwahi kumzaba mpwa wangu kofi kwa ajili ya mkate aliousahau, ilhali nilikuwa nimempa maagizo matano kwa pumzi moja, nikifunga viatu.

Basi mpe mwanao agizo moja au mawili, redio ikiwa imezimwa, naye akurudilie ulichosema kabla hajatoka. Mengine mwandikie kwenye karatasi. Mwombe mwalimu ayaandike maagizo ubaoni. Hakikisha pia mtoto anasikia na kuona vyema, na kwamba analala vya kutosha. Tatizo likizidi, mpeleke kwa daktari. Usikimbilie programu za kompyuta za kunoa kumbukumbu: aghalabu mtoto huwa bingwa wa mchezo wenyewe, hesabu zikabaki pale pale.

Mpwa wangu siku hizi hujiandikia kiganjani kwa kalamu. Mamake hulalamikia wino, mimi hunyamaza.