Imani, Mtazamo na Tabia: Ufafanuzi wa Dhana kwa Mifano ya Kilosa na Mikumi

Imani, mtazamo na tabia ni dhana za msingi katika saikolojia ya jamii, na tasnifu nyingi zinazochunguza uhusiano wa watu na ardhi, wanyamapori au majirani zao huzitumia bila kuzitenganisha. Kwa mtafiti anayeandika kwa Kiswahili ugumu hautokani na upungufu wa istilahi. Unatokana na ukweli kwamba maneno haya yalikuwa na maana zake katika mazungumzo ya kila siku kabla ya kufanywa istilahi. Asemaye kwamba jirani yake "hana imani" aghalabu humaanisha kuwa hana huruma. Asemaye "ile ni tabia yake" humaanisha kuwa mtu huyo ndivyo alivyoumbwa. Hojaji inapomfikia mtafitiwa wa Kilosa au Mikumi, hupokewa kwa maana hizo.

Katika taaluma, imani ni kile ambacho mtu anakichukulia kuwa kweli kuhusu kitu fulani, kiwe kweli au la. Mtazamo ni tathmini, yaani kukikubali au kukikataa kitu hicho. Tabia ni kitendo kinachoweza kuonekana na kuhesabiwa. Fishbein na Ajzen (1975) waliweka nia kati ya mtazamo na tabia. Achukuliwe mkulima wa mahindi katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Anaamini kwamba tembo watarudi mahindi yakikomaa, anawachukia tembo, anakesha kwenye dungu akipiga madebe. Mpaka hapo imani, mtazamo na tabia vinaoana. Lakini mkulima huyohuyo anaweza kutotoa taarifa ya uharibifu kwa ofisa wa wanyamapori, ingawa kanuni za mwaka 2011 zinatambua kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa madhara yanayompata binadamu. Kukaa kimya huko hakuelezwi na chuki yake kwa tembo. Kunaweza kuelezwa na imani nyingine kabisa, kwamba malipo yatachelewa, au kwamba nauli ya kuyafuatilia itayazidi. Mtafiti aliyeuliza kuhusu tembo peke yao hataiona imani hiyo.

Kwamba mtazamo hautabiri tabia moja kwa moja lilidhihirishwa mapema na LaPiere (1934). Alisafiri nchini Marekani pamoja na mume na mke wenye asili ya China, wakafika katika nyumba za wageni na migahawa 251, na walikataliwa mara moja tu. Baadaye alipowaandikia wenye biashara hizo kuuliza kama wangewapokea wageni Wachina, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Utafiti huo una kasoro zake (haijulikani kama aliyejibu barua ndiye aliyewapokea wageni mlangoni), lakini swali lake halijazeeka.

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na swali la LaPiere linajirudia hapo kila siku. Dereva wa lori anaweza kusema kwa dhati kwamba wanyama ni urithi wa taifa, kisha akapita kwa mwendo unaoweza kumuua swala. Kumwita mnafiki ni kukosa shabaha. Ajzen na Fishbein (1977) walieleza kwamba mtazamo na tabia hulinganishwa kwa haki pale tu vinapohusu jambo lilelile kwa kiwango kilekile cha umahususi. Kuwathamini wanyamapori ni mtazamo wa jumla. Kupunguza mwendo usiku, mzigo ukisubiriwa Tunduma, ni tendo mahususi lenye mtazamo wake, kaida zake miongoni mwa madereva wenzake na, kama Ajzen (1991) alivyoongeza, imani ya mtendaji kuhusu uwezo wake wa kulitenda. Matuta yaliyowekwa barabarani humpunguza mwendo dereva huyo bila kugusa mtazamo wake hata kidogo. Kwa hiyo anayepima mafanikio ya uhifadhi kwa hojaji ya mitazamo pekee anapima kitu kingine.

Dhana ya tabia ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na Kilosa ndipo hatari hiyo inapoonekana. Tarehe 8 Desemba 2000 wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika mgogoro kati ya wakulima na wafugaji. Mwaka 2009 ikafuata operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao wilayani humo. Kati ya matukio hayo mawili, na baada yake, maelezo mepesi yalikuwa "tabia ya wafugaji", kana kwamba mauaji yalitokana na hulka ya kabila. Heider (1958), na baadaye Ross (1977), walionesha jinsi mtazamaji anavyoelekea kukieleza kitendo cha mwingine kwa hulka yake na kuyapuuza mazingira. Kiswahili humrahisishia mtazamaji huyo kazi, kwa kuwa neno moja linabeba kitendo na hulka pamoja. Benjaminsen, Maganga na Abdallah (2009) waliyatazama mazingira: sera zilizoudharau ufugaji wa kuhamahama, umiliki wa ardhi usio wazi na rushwa iliyowafanya watu wasitegemee vyombo vya dola kumaliza mgogoro. Maelezo yao hayawaondolei wauaji lawama, ila yanaonesha kwa nini operesheni ya kuwahamisha watu haikugusa chanzo.

Athari ya jambo hili kwa zana za utafiti ni ya moja kwa moja. Swali "Tabia ya wafugaji ikoje?" humwalika mtafitiwa atoe hukumu juu ya kundi zima, na majibu yake huingizwa kwenye jedwali kama data ya tabia ilhali ni data ya mtazamo. Swali "Msimu uliopita mifugo iliingia shambani mwako mara ngapi, na ulifanya nini?" hupata vitendo vya pande zote mbili, vikiwemo vile ambavyo swali la kwanza haliwezi kuvinasa: mkulima aliyemruhusu mfugaji kulisha mabua baada ya mavuno, au aliyenunua maziwa asubuhi kwa mtu ambaye jioni, mbele ya hojaji, angemkataa.