Shamba la Marehemu: Haki za Mjane na Taratibu za Kufuata Kabla ya Msimu

Mkoa wa Katavi una msimu mmoja wa mvua, unaoanza takribani mwezi Novemba na kumalizika Aprili. Mahindi, mpunga, karanga na tumbaku vyote hutegemea miezi hiyo. Mjane anayezuiwa kulima wakati ndugu wa marehemu wakibishana hupoteza chakula cha mwaka mzima na mahitaji ya shule ya wanawe. Mara nyingi tatizo lake si uhaba wa nguvu wala maarifa. Ni kwamba shamba, namba ya mkulima na hisa za AMCOS viliandikishwa kwa jina la mume peke yake.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa au kuolewa na mwanamume amtakaye, hata kama mila inasema vinginevyo. Hivyo, hakuna anayeruhusiwa kumrithi mjane kama mali. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Hata hivyo, Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 haimpi mjane fungu katika mirathi ya kimila pale marehemu anapoacha ndugu wa ukoo wake. Humwachia atunzwe na watoto wake. Ndiyo maana migogoro huzuka hata pale ambapo mke amelima shamba hilo kwa miaka mingi.

Hatua za kufuata

Kwanza, kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kikitokea nyumbani, taarifa itolewe kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kisha cheti cha kifo kifuatiliwe.

Pili, familia ikutane na kupendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao uandikwe. Mjane anaweza kupendekezwa. Maombi ya mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Tatu, ieleweke kuwa msimamizi si mmiliki. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, hana budi kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5. Asipofanya hivyo, au akijimilikisha mali, mjane anaweza kulalamika katika mahakama hiyo hiyo.

Nne, mjane ajiandikishe upya kama mkulima kwa jina lake katika ofisi ya kijiji, ili asikose mbolea ya ruzuku, na aulize AMCOS kuhusu hisa za marehemu na mrithi aliyeandikishwa.

Mgogoro wa mpaka au umiliki ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, husuluhisha. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hutoa ushauri bila malipo.

Baada ya shamba kuwa salama, mtaji unaweza kutafutwa kupitia kikundi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kinga iliyo bora

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanandoa wanaoomba hati ya hakimiliki ya kimila waandikishe majina yote mawili wakiwa hai wote. Mke ambaye jina lake limo katika hati haendi kwenye kikao cha ukoo kuomba shamba. Huenda akiwa mmiliki mwenza, na mvua za kwanza zikinyesha, jembe lake huwa limekwisha kuingia ardhini.